Mama Aliyeziba Kamera

Mwenzangu Saumu, wewe uliyebaki na funguo za studio, umeniambia niandike habari za kazi yetu kabla sijazisahau. Sijui kwa nini unadhani nitasahau. Tangu nistaafu mwaka jana sifanyi jingine ila kukumbuka. Nikijilaza baada ya adhuhuri, feni inazunguka, pazia linavimba na kunywea, naona mabibi harusi wa Tanga wakinipitia mmoja mmoja, nao hawana haraka. Majina ya wengi yameniponyoka. Nguo zao sijasahau hata moja.

Kazini niliingia kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba mimi ni mwanamke. Studio ilikuwa ya Mama Shirin na mumewe, Mabohora wa pale mjini. Mume alikaa mbele akipiga picha za pasipoti na kuwaambia watu wainue kidevu. Mama Shirin alikaa nyuma na mambo ya video, ambayo wakati ule yalikuwa mageni na kila nyumba ilikuwa ikiyataka. Tatizo likawa upande wa wanawake. Siku ya kupamba bibi harusi, mwanamume haingii, awe na kamera au asiwe nayo. Mume alikuwa na nguvu za kubeba lakini hana ruhusa ya kuingia. Mama Shirin alikuwa na ruhusa, ila magoti yake yalikuwa yamemkataa. Ilitakiwa miguu mipya, ndipo nikaitwa mimi.

Siku ya kwanza alinitazama toka juu hadi chini, kisha akauliza, "Mwanaidi, unajua kubeba mtoto?"

"Najua."

"Basi hakuna kigeni. Mwegemeze begani, usimtikise, na usimwache peke yake kwenye kiti."

Akanitwika kamera. Nyinyi mnaopiga video kwa vidole viwili hamtaielewa kamera ile. Ilimeza mkanda mzima, ilikuwa na betri yenye uzito wa tofali, na jioni bega lilikuwa halinyanyuki kujifunga kanga. Lakini kilichonishika ni kile kioo kidogo cha kutazamia. Kilikuwa cheusi na cheupe. Ukishaweka jicho pale, ukumbi wote unakuwa kimya na wa kijivu, na watu wanasogea polepole hata kama wanakimbia. Kwa miaka mingi niliziona harusi zote za mji huu bila rangi. Rangi nilikuwa naziota nyumbani, dhahabu na waridi na kijani cha hariri, mpaka nikiamka nilikuwa sijui kama harusi ile niliipiga au niliilala.

Mama Shirin alikuwa na maneno yake, na alipenda kuyarudia huku akipepea rida yake, lile vazi la Kibohora, kama anatimua inzi. La kwanza lilikuwa kwamba sisi hatupigi harusi, tunapiga waliokuja harusini. Mteja hanunui mkanda ili amwone bibi harusi, ambaye ameshamwona. Anataka kujiona yeye. Kwa hiyo nilizunguka jamvi kwa jamvi na meza kwa meza, sikumruka mtu. Nanyi mnajua watu wetu wakifikiwa na kamera. Mkono wa pilau unasimama hewani, mtandio unarekebishwa, mtu aliyekuwa anacheka sasa hivi anakaa kama yuko kwa hakimu. Halafu kuna kutuza. Mwanamke anainuka na noti yake, anakuja kwa madaha hatua moja mbele nusu nyuma, na kabla hajamfikia mwimbaji anakuja kwangu kwanza, anasimama, anageuza shingo kidogo. Aliyetuza asionekane kwenye mkanda amejihesabu hakutuza. Kwa hiyo mwimbaji gani alikuwa nyuma yake haikuwa shida yetu.

La pili lilikuwa zito zaidi. Mkanda wa upande wa wanawake hautoki studio kabla mwenye shughuli hajaja kuutazama. Akisema huyu asionekane, tunamkata. Na mwanamke aliyekuja amejifunika asitake kujulikana, huyo hatungoji kuambiwa. Tunakata wenyewe. Ndiyo maana nilijifunza mikono. Uso ukifichwa, mkono unabaki, na hina na pete na namna ya kushika kikombe haviongopi.

La tatu nililiona ni wazimu, mpaka juzi hapa. Alisema kila mkanda utazame mara mbili. Mara ya kwanza kwa macho. Mara ya pili vaa hedifoni, fumba macho, usikilize mpaka mwisho. "Macho yanadanganywa na nguo, mwanangu," alikuwa akiniambia. Wengi walinikuta nimeegemea kiti nimefumba macho mchana kweupe na deki inazunguka, wakaenda kusema mjini kwamba Mwanaidi wa studio kazi yake kulala.

Kesi ngumu zilikuwepo. Tulipanda Amani, kule milimani, kupiga harusi ya mtumishi wa kituo cha utafiti, na ukungu ukaingia ukumbini kabla ya wageni. Kioo cha kamera kikatoka jasho. Niliivua kanga yangu ya juu nikaifunika kamera, nikaikumbatia mpaka ikapata joto langu. Mkanda ule bado ninao. Watu wanatoka kwenye weupe, wanacheza kidogo, wanarudi kwenye weupe. Mteja alilalamika kwamba hamwoni shangazi yake. Mimi nadhani ni kazi nzuri kuliko zote nilizofanya, na sikumwambia. Tongoni nako, mke mkubwa wa bwana harusi alikuja bila kualikwa akacheza mbele ya kila picha, kutoka upande huu hadi huu, bila kupumzika. Niliambiwa nimtoe. Kumtoa huyo ilibaki harusi ya dakika chache na sufuria. Mwenye shughuli alitazama zile sufuria, akakuna kichwa, akasema, "Basi, mrudishe."

Mama Shirin alifariki kabla simu hazijaanza kupiga video, na nafurahi kwamba hakuziona. Aliniachia kazi, na zile hedifoni zake zenye sifongo lililomumunyuka. Mikanda ikaenda, santuri za kompyuta zikaja zikaenda, kamera zikawa ndogo hadi nikawa nazitafuta kwenye mkoba. Rangi zikaingia ndani ya kioo cha kutazamia. Nilizikosa ndoto zangu, nakwambia kweli.

Sasa nije kwenye kazi ya mwisho, maana najua ndiyo unayoingojea.

Mwaka jana, asubuhi moja, aliingia studio Bi Rukia wa Chumbageni. Wewe ulikuwa umekwenda Muheza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu aliyeingia mahali pasipomstahili. Baba yake alikuwa mwalimu wa chuo, watu wa mtaa mzima walisoma Kurani kwake. Na mumewe ni Bakari Radi.

Vijana hamjui Bakari Radi alikuwa nani. Sisi tulipokuwa wasichana, Tanga nzima ilikuwa na dansi na taarabu, yeye akaja na roki. Suruali ya bugaluu inafagia barabara, viatu vya raizoni vya soli nene, nywele za kuziba mlango, na gitaa la umeme linalolia mpaka mbwa wa Ngamiani wanajibu. Sauti yake ndiyo iliyompa jina. Na wimbo uliompeleka kila redio ya mji ulikuwa ule wa dirisha:

*Fungua dirisha japo kidogo,*
*mvua imenikuta nje kwenu.*

Kila mtu alijua dirisha ni lipi. Lilikuwa la mwalimu wa chuo. Kila mtu alijua pia kwamba halikufunguliwa. Bakari alikwenda kuposa kwa adabu na wazee wake, akakubaliwa kwa masharti. Muziki usiingie nyumbani kwa Rukia, na Rukia asiingie penye muziki. Bi Rukia alimpa baba yake neno, na tangu hapo gitaa lililala kwa jirani, fundi cherehani, miaka yote ya ndoa. Bakari alikuwa akitoka nyumbani na kofia yake, anapita kwa fundi kulichukua. Siku za maonyesho Bi Rukia alikuwa akimtilia mfukoni kipande cha tangawizi kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki, ajipoze koo. Hasemi kitu. Anampa tu.

"Koo lake lina uvimbe," Bi Rukia aliniambia. "Wanampeleka Dar es Salaam wakamkate. Daktari kasema roho itabaki, inshallah. Sauti hakuahidi."

Nikasema pole. Chai niliyompa alikuwa ameishika kwa mikono miwili, na nikaona kidole chake cha mwisho cha kulia kimepinda kuelekea nje. Aliwahi kukivunja utotoni, mlango ulimbana.

"Wenzake wanamfanyia onyesho moja la kumuaga. Linaanza baada ya alasiri, magharibi isiwakute. Mimi sifiki huko. Baba yuko kaburini, lakini neno nililompa sikulizika naye. Nataka uniletee sauti nyumbani. Akirudi bila sauti, mimi nitabaki na nini?" Akaweka kikombe chini. "Na sikiza, Mwanaidi. Usinipigie watu. Nawajua hawa, wakiona kamera watajipanga. Nipigie mume wangu."

Maisha yangu yote nilipiga watu waliokuja. Sasa naambiwa nimpige mmoja. Nililala vibaya wiki ile, nikiota kamera ya zamani imekaa begani inanihema sikioni.

Siku ilipofika ukumbi ulijaa. Vizee waliokuwa wakipanda ukuta kumtazama Bakari walikuja na bakora, na wajukuu wao walikuja kucheka. Bakari alipanda jukwaani amevaa koti lake la ngozi la enzi zile, linanuka dawa ya nondo hadi mstari wa tatu, na Tanga ile kwa joto unaijua. Nilimbana maiki ndogo kwenye kola, mbali na ile kubwa ya ukumbini, maana spika za kukodi siziamini. Akanong'ona, "Nani kakutuma?"

"Mwenyewe."

Hakuuliza mwenyewe nani. Alitikisa kichwa mara nyingi.

Alipopiga uzi wa kwanza nikaweka jicho kwenye kioo, na Saumu, nakuapia, rangi zilitoweka. Nilimwona wa kijivu, kijana, nywele za kuziba mlango. Sauti ilikuwa imepasuka pembeni lakini katikati ilikuwa nzima, na iliniingia kupitia hedifoni za Mama Shirin hadi nikasahau bega langu. Jua la alasiri lilikuwa linapita kwenye matundu ya ukuta, vumbi linaelea, na mimi nikaelea nalo. Nilimshika yeye tu. Waliokuja mbele kujionyesha niliwakwepa kushoto na kulia.

Akaacha wimbo wa dirisha uwe wa mwisho, kama tulivyojua wote. Na hapo ndipo watu wetu walipoharibu. Roki au si roki, mwimbaji anatuzwa. Wanawake wakainuka na noti, wakajipanga, wakaja kwa madaha yale yale ya harusini, kila mmoja anasimama kwangu kwanza na kugeuza shingo. Nilisogea, wakasogea. Mwisho kabisa wa mstari akaja mama mmoja, baibui jeusi na ninja, amejifunika hadi macho. Huyu hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja kwa Bakari akasimama katikati ya kioo changu, mgongo kwangu, na hakuondoka.

"Mama, pisha!" nikamnong'oneza kwa ukali. "Mama, wanizibia!"

Hakusikia. Wala si kuziba peke yake. Bakari akanyamaza. Gitaa la mwenzake linaendelea, ngoma inaendelea, yeye hana neno, kwenye wimbo alioimba tangu ana ndevu mbili. Ukumbi ukangoja kidogo, halafu watu wakamwimbia wenyewe, *fungua dirisha japo kidogo*, vizee kwa wajukuu. Yule mama akageuka akatoka upesi kwa mlango wa pembeni. Bakari akainua mkono juu, hakuimba tena, na onyesho likaisha hivyo. Nilikunja nyaya zangu huku nikimlaani mwanamke yule kwa Kiswahili na kwa Kibondei cha bibi yangu.

Studio nilitazama kwa macho kwanza. Yote yalikuwa mazuri mpaka wimbo ule. Hapo kioo kizima ni baibui jeusi, na sauti niliyotumwa kuileta haipo. Nililia, sikufichi. Kisha nikavaa hedifoni nikafumba macho kama nilivyofundishwa.

Kwenye giza lile nikasikia gitaa, ngoma, na watu kwa mbali. Halafu, karibu sana, kwenye maiki ya kola, karatasi ikakwaruza. Halafu Bakari, si kwa sauti ya kuimba, akasema neno moja:

"Umefungua."

Nikafumbua macho. Nikarudisha, nikapunguza mwendo. Kwenye ukingo wa lile baibui mkono unatokea, unaweka kitu kwenye kiganja chake. Si noti. Ni kifurushi cha karatasi ya kaki. Na kidole cha mwisho kimepinda kuelekea nje.

Sasa nikawa na kazi ngumu kuliko mke mkubwa wa Tongoni. Kanuni yetu unaijua. Alikuja amejifunika, hakutaka kujulikana, basi anakatwa. Nikimkata, na neno linakwenda naye. Sikugusa kitu. Nilimpigia simu aje atazame, kama anavyokuja mwenye shughuli yoyote.

Alikuja kesho yake, na kabla hajakaa akasema, "Nasikia kuna mama aliharibu wimbo. Mtoe."

"Bi Rukia..."

"Mtoe, nakwambia! Maisha yake yote hajawahi kukwama, akakwama siku ile, mbele ya mji mzima. Tangu arudi daktari kamkataza kusema hata neno mpaka akatwe. Ananitazama tu. Kesho kutwa wanasafiri. Atakwenda na hasira zake na mimi nitabaki nazo." Hata hakujua kwamba ameshajitaja.

Nilimvika hedifoni juu ya mtandio, nikazirekebisha zimkae, nikamwambia, "Fumba macho."

Niliicheza sehemu ile. Mimi sikusikia kitu, nilimtazama yeye. Uso wake haukusogea. Kisha mkono wenye kidole kile ukapanda ukakamata sikio la hedifoni ukalikandamiza.

"Rudisha."

Nikarudisha.

"Rudisha tena, mwanangu."

Tulirudisha mpaka chai ikapoa. Mwishowe akazivua, akazipangusa kwa ncha ya mtandio, akaziweka mezani taratibu. Machozi hakuyafuta.

"Mimi nilidhani nimemuaibisha," akasema. "Magitaa yale yalikuwa yananipigia kelele, sikusikia neno. Nilikimbia." Kisha akaniangalia machoni. "Hapo usikate."

"Na kwenye nakala za watu?"

"Za watu waache waone baibui tu. Neno waondolee, ni langu."

Nikafanya hivyo. Nakala mliyo nayo mjini, na mnayolalamikia kwamba mpiga video alilala, ni hiyo. Yenye neno ni moja, iko Chumbageni. Niliomba ruhusa kabla sijaandika haya, Bi Rukia akafikiri kidogo, akasema, "Andika. Kwani mume si wangu?"

Kazi nyingine sikuchukua baada ya ile. Ungenipa harusi ningeipiga vibaya.

Juzi nilikwenda kuwaamkia. Bakari alirudi salama, amenenepa, sauti haikurudi. Anasema kwa mikono na kwa kalamu. Gitaa lililokuwa likilala kwa fundi cherehani sasa limetundikwa ukumbini kwao, chini ya ile aya yenye fremu ya dhahabu, na hakuna aliyenieleza lini liliingia, nami sikuuliza. Walikuwa na wageni, majirani na binamu kutoka Pangani, na televisheni inaonyesha mkanda wangu. Wageni walikuwa wanapiga soga kama kawaida ya wageni. Bakari alikaa kwenye kiti chake anagonga pigo kwa vidole, koo lake limezungushiwa shali. Wimbo wa dirisha ukaanza. Wanawake wa kutuza wakapita mmoja mmoja, wakigeuza shingo.

Bi Rukia, binti wa mwalimu wa chuo, akaweka sinia la kahawa chini, akaongeza sauti, akawainulia wageni kile kidole kilichopinda.

"Nyamazeni," akasema. "Hapo naingia mimi."